Mume kaficha pasipoti, anasema nikiripoti nitarudishwa Kenya

MamaWawili: Habarini wapendwa, niko Ohio, Marekani, mwaka wa tatu, mume ni raia wa huku. Mwanzoni alikuwa mtu, siku hizi ni makofi, juzi kijana wangu wa miaka sita alijificha kwa kabati ya viatu hadi akalala humo. Pasipoti zetu kazifungia kwa gari, nikilia ananiambia nikipiga simu moja tu napandishwa ndege watoto wanabaki. Ni kweli?

shangazi_wa_Minnesota: Pole sana mwanangu. Anakutisha tu huyo! Kuna sheria ya 1994 inaitwa VAWA, ya kulinda wanaoteswa nyumbani, mke anayeteswa na mume raia au mwenye grinkadi (kibali cha kuishi huku daima) anajiombea kibali mwenyewe kwa fomu I-360, haina ada, na uhamiaji hawaruhusiwi kumwambia mumeo. Ripoti ya polisi si lazima, hata meseji zake za matusi, picha za majeraha, barua ya mwalimu au jirani, weka zote kwa simu ya mtu unayemwamini.

Baraka254: Vumilia dada, ndoa ni hivyo

shangazi_wa_Minnesota: Baraka, nyamaza. Mtoto analala na viatu!

NilitokaHuko: Piga 1-800-799-7233, simu ya msaada kwa wanaoteswa nyumbani, ni bure saa 24, sema "Swahili" wakutafutie mkalimani. Usitumie simu anayoikagua. Akianza kukupiga ni 911, simu ya dharura, moja kwa moja. Mimi nilitoka na begi la shule tu, ndani vyeti vya kuzaliwa na dawa ya pumu.

MamaWawili: Asanteni. Kesho akienda shift naazima simu ya jirani