Naomba ushauri: kisanduku kilichofichwa Belstone Tor, Dartmoor

Habari zenu wanajamvi. Wazoefu wa kupanda vilima hapa Uingereza, naomba msaada.

Natafuta kisanduku cha muhuri kule Dartmoor, eneo la nyanda za juu kusini-magharibi mwa Uingereza; ni ule mchezo wa kutafuta kwa vidokezo visanduku vyenye muhuri vilivyofichwa (letterboxing), ulioanzia Cranmere Pool hukohuko Dartmoor mwaka 1854. Kidokezo nilichopewa ni cha miaka ya 1980: simama kwenye jabali la juu kabisa la Belstone Tor (kilima chenye miamba), elekeza dira nyuzi 215, tembea hatua 60, angalia chini ya jiwe bapa. Mawe bapa pale yamejaa tele! Nimepima kwa dira ya mkononi na ya simu, nikachungulia kila upenyo bila kuhamisha mawe, maana hilo haliruhusiwi. Sijaambulia kitu, hata kipande cha plastiki.

Nijuavyo, kaskazini ya sumaku (kule sindano ya dira inakoelekea) imehama nyuzi kadhaa tangu enzi hizo, na kwa hatua 60 hiyo si tofauti ndogo.

Je, kwa kidokezo cha zamani hivyo mnaongeza au mnapunguza nyuzi ngapi? Na "hatua" huku ni mguu mmoja, au kulia na kushoto pamoja?

Natanguliza shukrani.