Naomba ushauri: wasifu wa baba, mpiganaji wa Kagera

Wakuu, shikamooni. Baba yetu ametutoka akiwa na miaka 81, na arobaini ni Jumamosi ijayo. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa, na nimekwama.

Alikuwa askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, katika vita ya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Alivuka mto Kagera baada ya lile daraja la Kyaka kulipuliwa, akafika Kampala Aprili 1979. Basi, hayo tu ndiyo ninayoyajua. Ukimuuliza zaidi alikuwa anasema, "Tulitembea sana," kisha anaomba chai. Medali yake tumeikuta kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo na sindano za mama.

Baba ninayemjua mimi ni yule aliyetupigia pasi sare za shule kwa pasi ya mkaa, watoto saba, kila Jumapili jioni. Mama alipopooza, alimwogesha na kumsuka mwenyewe miaka sita. Mistari ilikuwa inapinda, lakini mama hakukubali msusi mwingine.

Kaka mkubwa anataka vita ichukue nusu nzima ya wasifu. Mama anasema nisiiguse kabisa, kwani usiku ni yeye aliyekuwa akimsikia akipiga kelele usingizini. Wote wawili nawaheshimu.

Waliowahi kuzika mzee wa namna hii, mliandikaje? Na je, ni vibaya kuwaomba wazee aliopigana nao wasimulie wenyewe siku hiyo ya arobaini, mama akiwa amekaa pale pale?