Sonic Advance 2: mbio ndizo zinaiua, au ndizo gemu yenyewe?

Mleta mada: Wakuu, Sonic Advance 2, ile gemu ya Sonic, mnyama wa buluu mwenye mbio, ikitajwa tu, hukumu ni ileile: shikilia kitufe cha kulia, gemu inajicheza yenyewe, na ukishtuka umeshatumbukia shimoni. Nimeirudia kwenye simu siku hizi na sasa naiweka juu ya Sonic Advance ya kwanza ya 2001. Naileta mezani.

Wapinzani wana hoja, nisiwanyime. Dimps, walioitengeneza pamoja na Sonic Team mwaka 2002, walikuwa na kioo cha Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi, chenye nukta 240 kwa 160. Mega Drive, mashine ya Sonic ya 1991, ilikuwa na upana wa 320. Yaani robo ya njia iliyokuwa ikionekana imekatwa, na bado Sonic kaongezewa mbio! Ukifika eneo la Sky Canyon hujawahi kuicheza, utakufa tu, mashimo ni mengi na macho hayawahi.

Ila nani kasema gemu hii ni ya kuchezwa mara moja? Mbio zake zinakwenda na pete unazookota njiani. Ukiwa nazo nyingi, Sonic anachanganya mapema na kufikia mwendo wa juu kabisa; ukigongwa zinamwagika, unarudi kujikongoja. Kwa hiyo hata adui asiyekuua anakutia hasara. Halafu kuna kitufe cha R. Ukirushwa hewani, R na juu inakupandisha zaidi, R na mbele inakusukuma mbali. Ukishajua ndani ya eneo la kwanza, Leaf Forest, ni wapi pa kupanda na wapi pa kusukuma, unaanza kushika njia za juu ambazo mwanzo hukujua kama zipo. Dereva wa daladala hapunguzi mwendo kwa kuwa kaliona shimo. Anajua lipo tangu jana. Na gemu ina sehemu nzima ya kushindana na saa, sasa hiyo waliiweka ya nini kama hawakutaka turudie?

Mabosi ndio wamenimaliza. Karibu wote unapigana nao huku mnakimbia, adui mkuu Eggman yuko mbele na wewe huna pa kusimama. (Mnaomchagua mhusika Cream na yule Cheese wake anayewapigia maadui, nyamazeni, hamjapigana na mtu.)

Mchangiaji: Mkuu, unajipinga mwenyewe. Kama raha ni kukimbia, mbona kila hatua wamekufichia pete maalumu 7, na bila kuzipata zote huingii kwenye hatua maalumu ya kutafuta vito? Wanakukimbiza, kisha wanakutaka uchungulie kila kona. Na kukariri si ufundi. Sonic ya 1991 mbio uliipata kwa kuistahili, na ulikuwa unaona unakokwenda.

Mleta mada: Kwenye hizo pete 7 sina utetezi, walichemka, na mimi sizitafuti. Kukariri nakukatalia. Hiyo ya 1991 tunaiona nyepesi kwa sababu mikono ishaizoea. Mpe Marble Zone, eneo lake la pili, mtu ambaye hajawahi kuigusa, ile lava ikianza kumfukuza nyuma utaona kama ataisifia. Tena Sonic Rush ya 2005, kazi ya Dimps haohao, ilipewa vioo viwili, na lawama za mashimo zikabaki palepale. Basi semeni: tatizo ni udogo wa kioo, au hamtaki tu kurudia hatua?