Laptopu imegoma kuingia Windows: wana Tanga tupeane uzoefu kabla mafaili hayajafomatiwa

Mwenye mada, Chumbageni

Ndugu zangu, habari za usiku.

Mama yangu alifariki akiwa ameniachia kama saa sita za sauti yake. Nilimrekodi kwa simu, jioni baada ya jioni, akisimulia ukoo wetu tangu Moa mpaka walipohamia hapa mjini, nani alimwoa nani, shamba la minazi lilitoka vipi mikononi mwetu, na nyimbo za Kidigo alizofundishwa na bibi yake. Simu ilipojaa nikazihamishia kwenye laptopu, nikazifuta kwenye simu. Ikabaki nakala moja.

Siku hiyo Windows ilikuwa katikati ya apdeti, umeme ukakatika, na betri yangu ilikuwa haishiki hata dakika mbili. Uliporudi, mashine ikawa inawaka, inaleta nembo, vidoti vinazunguka, halafu inajizima na kuanza upya. Nikaipeleka kwa fundi. Akaitazama akasema, "Hii ni kupiga Windows tu, njoo saa kumi," yaani kuiweka Windows upya. Saa kumi nikaikuta inawaka haraka, safi, ina picha mpya kwenye kioo. Folda ya mama haipo. Hakuna folda yoyote.

Nikajaribu programu za kurudisha mafaili, usiku tatu mfululizo. Baadaye nikaja kuelewa kwamba diski yangu ni SSD, aina mpya isiyozunguka, na SSD ikifomatiwa Windows huiambia ni sehemu zipi hazitakiwi tena, nayo huzisafisha yenyewe. Kwenye diski za zamani za kuzunguka mara nyingi kuna cha kufukua. Kwenye SSD, mimi sikupata hata sekunde moja.

Fundi hakuniuliza kama kuna kitu cha kuokoa, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kusema. Windows kugoma ni jambo moja, mafaili kupotea ni jambo lingine kabisa. Mashine inaweza kukataa kuwaka na kila kitu chako kipo salama ndani, mpaka mtu aje akifute. Naomba kila aliyepitia haya aandike: dalili ilikuwaje, ulifanya nini, mafaili yalipona au hayakupona.

Mwalimu, Muheza

Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu mama.

Yangu iligoma wiki ya kujumlisha alama za mitihani, madarasa manne yamo humo. Kila nikiwasha inaandika inajitengeneza yenyewe, inazunguka robo saa, inasema imeshindwa, inarudi pale pale. Mwenzangu wa somo la kompyuta akaniambia nisiguse kitu. Alichukua flashi ya GB 8, akashusha Ubuntu (mfumo wa bure unaoweza kuwaka kwenye flashi bila Windows) kwenye mashine yake, akaiandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Tukaichomeka kwenye laptopu yangu, tukawasha huku tunagonga F12 (kuna mashine zinazotaka F9 au Esc), tukachagua flashi. Ubuntu ikauliza kama tunataka kuijaribu au kuisakinisha. Hapo ndipo pa kuwa makini. Ni KUJARIBU. Ukisakinisha bila kujua unachofanya, umejifomatia mwenyewe.

Ikafunguka kama kompyuta ya kawaida, tukaiona diski ya Windows na folda zangu zote. Ilikataa kuandika chochote humo kwa kuwa Windows haikuwa imezimwa kikamilifu, lakini sisi tulitaka kusoma tu. Nikakopi kwenye diski ya nje. Nilikaa na kile kimstari cha kijani mpaka kikafika mwisho, sikwenda hata kunywa chai.

Baada ya hapo tu ndipo tukahangaika na Windows. Tulizima kwa nguvu mara tatu mfululizo nembo ikiwa kwenye kioo, ukurasa wa matengenezo ukafunguka wenyewe, tukaingia sehemu ya kuandika amri. Tahadhari kwa watakaojaribu: humo ndani herufi za diski zinaweza kubadilika, C yako ikaitwa D. Andika kwanza dir C: uone kama folda ya Windows ipo hapo. Tukapiga chkdsk yenye /f, amri ya kukagua na kurekebisha diski, ikachukua muda mrefu, halafu bcdboot C:\Windows, ya kurudisha mafaili ya kuwashia. Ikawaka. Ninaitumia mpaka leo.

Dada wa steshenari, Makorora

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi si wa kusimulia, yangu imekufa leo hii, naandika kwa simu. Umeme umekatika saa saba mchana, betri yake ilishakufa zamani natumia chaja tu. Uliporudi nikawasha, kioo cheusi na maandishi meupe "No bootable device". Kijana wa duka la jirani kasema "hadi diski" (hard disk) imekufa, ninunue nyingine. Humo kuna kazi za wateja, ripoti za wanachuo, barua za watu, kuna bibi mmoja aliniletea wosia nimchapie na bado hajauchukua. Naogopa hata kulala.

Fundi, Ngamiani

Dada usinunue kitu. Nijibu mawili. Ukiiwasha ukagonga F2 (au F10, au Del, inategemea kampuni) unaingia ukurasa wa BIOS, mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows. Humo, tarehe inaonyesha ngapi? Na kwenye orodha ya vifaa, jina la hadi diski lipo au pametupu?

Wakati unaangalia, niseme na mwenye mada. Mimi ni fundi mwaka wa kumi na mbili, na ulichofanyiwa kinaniuma kwa sababu na mimi niliwahi kumfanyia mtu. Mteja aliniletea mashine, akasema anataka iwake leo, nikaiwasha leo. Picha za harusi yake zikaenda. Alilia mbele ya meza yangu. Tangu siku hiyo nina daftari. Kila mashine inayoingia naandika: mafaili yaokolewe, ndiyo au hapana, na mteja anaweka sahihi kabla sijashika bisibisi. Mteja akisema "hamna kitu humo" namuuliza tena, picha je, WhatsApp uliyohifadhi je, vyeti ulivyoskani je. Wengi hukumbuka kwenye swali la tatu.

Kupiga Windows ni kazi ya saa moja na hela yake inajulikana. Kuokoa mafaili ni kazi ya usiku mzima na mteja hataki kuilipia. Hapo ndipo mafundi wengi tunapoteleza. Ukimpelekea fundi, mwambie wazi utalipia kuokoa, na kama unaweza kaa umuone anakopi.

Tena kuna hili. Mara ngapi mashine haina shida ya Windows hata kidogo! Sisi tunaishi na bahari. Laptopu za kuanzia Raskazone mpaka Deep Sea zinakuja na ukungu wa kijani kwenye meno ya RAM, kile kibao cha kumbukumbu kinachochomekwa ndani. Dalili yake: feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi, hakuna hata nembo. Watu wanasema Windows imekufa, na Windows haijafikiwa bado. Unatoa chaja na betri, unachomoa RAM, unasugua yale meno ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, unapangusa unga wake, unarudisha mpaka ilie kak. Nimezifufua hivyo zaidi ya nilivyopiga Windows.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kujua inakwamia wapi. Haionyeshi kitu kabisa, ni umeme au RAM au kioo. Inaonyesha nembo ya kampuni kisha maandishi meupe, haijaiona diski au haijui ianzie wapi. Inaonyesha vidoti vya Windows halafu inaanguka, hapo ndipo Windows yenyewe.

Kijana, Pongwe

Kabla ya yote: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha. Yangu ilipona kwa hilo tu, na tayari nilishaambiwa ubao umeungua.

Mzee mstaafu, Raskazone

Wanangu, nasoma kwa makini. Niongeze jambo ambalo Ubuntu haitawasaidia.

Mashine yangu ni mpya kiasi, nilinunuliwa na mwanangu. Siku moja iliwaka ikaleta kioo cha buluu kinachodai namba za BitLocker, tarakimu 48. Sikuwahi hata kulisikia jina hilo. Kumbe mashine nyingi za siku hizi hufunga diski yake kwa siri pale unapoingia na akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na kikibadilika kitu kwenye BIOS inadai ufunguo. Bila ufunguo huo hata ukiitoa diski ukaichomeka kwingine haisomeki. Fundi mwaminifu akaniambia ukweli: mzee, kama namba haipo, kilichomo ndani hakitoki.

Namba ilikuwepo. Mwanangu ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza akatumia akaunti yake. Nilimpigia, akaingia kwenye akaunti kwa simu yake huko aliko, akanisomea tarakimu sita sita, mimi nachapa na miwani yangu. Makundi manane. Ikafunguka. Sasa nimeziandika kwenye karatasi, ziko bahashani pamoja na hati ya nyumba. Kila mwenye mashine mpya aingie leo kwenye akaunti yake aziandike, mashine ikiwa bado nzima.

Mwenye mada, Chumbageni

Shikamoo mzee, ahsante sana. Nimeingia sasa hivi nikaziona zangu, nimeziandika.

Mwanachuo, Korogwe

Yangu haikupona, niiandike ili mwingine asirudie.

Diski yangu ilikuwa ya kuzunguka. Ilianza kutoa sauti, tak tak tak, na Windows ikawa inachukua dakika ishirini kufunguka. Nikapuuza. Siku ilipogoma kabisa, nikaiwasha na kuizima labda mara arobaini kwa siku mbili, kila mara nikiomba Mungu ishike. Nikaipigia na chkdsk usiku kucha. Nilipofika kwa mtu anayejua, aliisikiliza tu akaniambia nimeimaliza mwenyewe. Sauti ile ni kichwa cha kusomea kinahangaika, na kila unapoiwasha kinazidi kuharibu. Alitumia programu ya ddrescue, inayonakili diski nzima kwenda kwenye nyingine, ikianza na sehemu nzima na kuziachia mbovu mwishoni. Alipata karibu nusu. Tasnifu yangu ilikuwa kwenye nusu nyingine. Niliiandika upya kutoka kwenye karatasi nilizomchapishia msimamizi wangu.

Diski ikianza kugonga, zima. Usiijaribu tena.

Dada wa steshenari, Makorora

Fundi nimeingia. Tarehe inasema 1 Januari 2015. Jina la hadi diski LIPO. Haigongi, nimeiwekea sikio.

Fundi, Ngamiani

Alhamdulillah. Diski yako inaelekea ni nzima, dada.

Kilichokufa ni betri ndogo ya saa, ile ya duara kama kitufe, ya volti 3. Ndiyo inayotunza kumbukumbu za BIOS mashine ikikosa umeme. Kwa kuwa betri kubwa nayo haipo, umeme ulipokatika BIOS ikasahau mipangilio yote ikarudi ya kiwandani. Mashine yako ya zamani? Windows yake bila shaka ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha, Legacy, na BIOS sasa imerudi kwenye ule mpya, UEFI, kwa hiyo inaitazama diski na haioni pa kuanzia.

Nenda sehemu ya Boot. Kama imeandikwa UEFI, badilisha iwe Legacy. Ikikataa, zima kwanza Secure Boot, kinga ya kuwashia iliyo humo humo. Usiguse sehemu ya SATA, inayopanga mashine iwasiliane vipi na diski, ukiibadilisha bila kujua italeta kioo cha buluu. Bonyeza F10 kuhifadhi. Isipokubali, irudishe ilivyokuwa, hakuna faili linalofutika kwa kubadilisha hapo.

Na mtu asikudanganye kwamba imegoma kwa sababu ni Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake haipati tena apdeti za kawaida za usalama. Kuwaka inawaka kama kawaida.

Dada wa steshenari, Makorora

IMEWAKA. Imefika mpaka kwenye picha ya watoto wangu. Mikono inanitetemeka.

Mwenye mada, Chumbageni

Dada, usiizime! Usifurahi kwanza. Una diski ya nje au flashi? Kopi sasa hivi, anza na ya watu.

Dada wa steshenari, Makorora

Nimeazima diski kwa shemeji, kaniletea kwa pikipiki. Nimeanza na folda ya wateja.

Fundi, Ngamiani

Vizuri. Kesho njoo nayo Ngamiani nikuwekee betri ya saa. Nyingine huwa na waya na kichomeo chake, usinunue kabla sijaifungua.

Dada wa steshenari, Makorora

Imemaliza saa tano na dakika kumi. GB 41. Nimefungua mafaili kumi kwenye ile diski ya shemeji kuhakikisha yanasomeka. Wosia wa bibi nimeuchapa kwenye karatasi kabisa, nimeuweka kwenye bahasha, asubuhi nampelekea mwenyewe kwake Mikanjuni kabla sijafungua duka.