Nifunge maji moto ya jua kwenye lupango la wapangaji, au nitakula hasara?

MamaLupango
Wakubwa, salamu kutoka Kampemba, Lubumbashi. Nina lupango, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba 4 za kupangisha, jumla watu 12, watoto wakiwemo. Tangu Juni ilipoingia ni vilio tu. Asubuhi maji ya bomba yanakata mikono, umeme unakuja unavyotaka, kila mlango una mbabula, jiko la makaa, inafuka. Fundi amenipa bei ya mtambo wa jua wa mirija ya kioo, tenki la lita 200: dola 900 pamoja na kazi. Anasema pesa itarudi ndani ya mwaka mmoja. Nimewaza kuongeza kodi dola 4 kwa kila nyumba. Halafu anataka kuuelekeza barabarani, upande wa kusini, eti ndiyo unapendeza.

FundiBomba
Mama, kwanza augeuze! Sisi tuko kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua letu linapita kaskazini. Ukiutazamisha kusini unalikosa jua miezi ile ile ya baridi. Uelekee kaskazini, uinuliwe digrii 20 na kidogo, na usiwe chini ya mwembe. Bahati yetu hapa ni kwamba baridi huja pamoja na kiangazi, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Shida ni mvua za Novemba mpaka Machi.

MhasibuKatuba
Dola 4 mara nyumba 4 mara miezi 12 ni 192. Gawa 900 kwa hizo: karibu miaka 5. Huo mwaka mmoja ni wa mdomo wa fundi.

Lakini mimi naanzia kwingine. Makala (makaa ya kupikia) ananunua mpangaji, mtambo unanunua wewe. Kinachookolewa kinabaki mfukoni mwake, na wewe unakipata kwa kodi tu. Kwa hiyo usiulize mtambo unaokoa nini. Uliza mpangaji yuko tayari kukurudishia nini.

Ndoo ya lita 15, kutoka digrii 18 hadi 40, inakula karibu robo kilo ya makala kwenye mbabula ya kawaida, maana joto jingi linapotea pembeni. Ndoo 12 kwa siku ni kama kilo 3. Pima mwenyewe kwa wiki moja, mizani ya sokoni inatosha.

YayaWaRuashi
Mhasibu, wewe hujawahi kupika. Bukari (ugali) ikishaiva na maharage yameshuka, makaa yaliyobaki ndiyo tunawekea sufuria ya maji ya kuoga. Hayo maji hayana bei! Toa hiyo kwanza kwenye hesabu yako.

MhasibuKatuba
Umenishika, yaya. Basi kata nusu. Na hapo dola 4 zitaanza kuwauma.

Mzee_Kenya
Mimi nilifunga miaka mitatu iliyopita. Maji yalikatika siku mbili, mirija ikabaki mikavu juani. Yaliporudi saa sita mchana, maji baridi yakaingia kwenye kioo cha moto: pa, pa, pa, mirija minne. Weka tenki la akiba juu yake, na koki ya kufunga. Maji yetu pia yana chokaa, mulika ndani kila mwaka.

MamaLupango
Asanteni. Na vyumba? Kuna anayelala na mbabula ndani.

FundiBomba
Mkataze leo. Moshi wa makala usioonekana unaua watu wakiwa usingizini, husikii harufu. Joto la chumba ni dari na pazia nzito, mtambo huu hautalileta.

Nirudi kwenye tenki, maana lita 200 ni nyingi kwenu. Lita 100 za digrii 60 ukizichanganya na maji baridi ya digrii 18 unapata lita 190 za kuogea. Hizo ni ndoo 12 na zaidi, mtu mmoja ndoo moja. Usifunge bafu la mvua, watalimaliza asubuhi. Bomba moja uani, watu wachote.

MamaLupango
Nimekaa na wapangaji jana jioni. Muuguzi anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu amesema atalipa hata dola 6, maana hawashi makala saa hizo. Mama wa nyumba ya tatu amekubali dola 3, ila Januari hatoi hata faranga. Wawili wanasubiri waone.

Nimemwomba fundi bei mpya ya lita 100 na bomba moja. Amenuna, lakini ataileta Jumamosi. Sasa niambieni: ufunguo wa hilo bomba akae nao nani?

YayaWaRuashi
Muuguzi. Yeye ndiye anaamka kwanza.