Kuni za bure Uru hadi Rau: toroli au mkokoteni?

MkaziWaRau
Wakuu, habari za leo. Kuna shamba Uru Kusini, mwenyewe amekata vichwa vya migrevilea na kupogoa kahawa. Matawi nichukue bure, ila masika yasiyakute shambani. Hadi kwangu Rau ni kama kilomita nne. Nusu ya kwanza ni vumbi na mawe, na kuna mteremko mkali sehemu mbili. Nina toroli la gurudumu moja, panga, msumeno wa upinde na kamba za katani. Jirani yuko tayari kuniazima mkokoteni. Nitumie kipi, na mzigo upangwe vipi? Halafu hizo kuni zinafaa kweli au ni moshi mtupu?

FundiChuma
Mkuu, kwetu Moshi mzigo wa kuni karibu siku zote unashuka. Unapanda mtupu, unarudi umejaza. Kwa hiyo usiulize kipi kinabeba zaidi, uliza kipi utaweza kukisimamisha. Mkokoteni ukishapata kasi kwenye changarawe, aliye kwenye mipini hana la kufanya zaidi ya kuruka pembeni.

Shambani na kwenye ile miteremko tumia toroli. Breki yake ni miguu ya nyuma: ukishusha mipini kidogo inakwaruza chini na mwendo unapungua. Shida ni kwamba bomba la miguu linalika hadi linatoboka, kwa hiyo mwambie fundi achomelee kipande cha nondo ya milimita 12 chini ya kila mguu, kilazwe kwa urefu kama kitelezi. Kilo 50 au 60 zinatosha kwa safari. Vipande vizito viweke mbele, juu ya gurudumu. Ukiviweka nyuma mikono yako ndiyo inavibeba. Matawi marefu yalaze kwa urefu, yachomoze mbele. Yakikaa mkingamo yananasa kwenye migomba ya kando na toroli linakulalia.

Tairi nalo lijazwe mpaka lisibonyee kwa dole gumba. Likiwa legevu, ukigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu, unapata pancha yenye matundu mawili yaliyo sambamba. Wengi wanasingizia mwiba.

Mkokoteni ukusubiri chini ya mteremko wa pili. Pakia uzito uelemee mbele ya ekseli kidogo tu, kiasi kwamba mipini ukiiachia inashuka yenyewe taratibu. Uzito ukiwa nyuma, kwenye kimlima kidogo tu mipini inapaa na wewe juu. Ukiinamia mbele mno, unabeba kuni kwa mgongo badala ya kuziviringisha. Kama kuna mteremko uliobaki, funga tairi kuukuu kwa kamba ya mita moja na nusu nyuma ya mkokoteni, weka juu yake mfuko wa mchanga, liburuzwe. Mtu wa pili atembee nyuma na jiwe la kuzuia gurudumu mkononi. Mkononi, siyo ndani ya mzigo.

MamaMbokomu
Kaka, kabla ya kuhangaika na magurudumu, punguza uzito. Tawi bichi karibu nusu yake ni maji, na wewe utayasukuma maji hayo kilomita nne. Mwombe mwenye shamba wiki mbili. Kata vipande vya sentimita 40, kilichozidi unene wa kifundo cha mkono kipasue hapo hapo, vipange juu ya mawe vipigwe na upepo. Usivilaze kwenye matandazo ya migomba, vitaota ukungu na mchwa watatangulia kuchagua.

Kahawa ni kuni nzuri sana, ngumu, inaacha makaa yanayokaa. Kwa kuwa ni nyembamba inakauka upesi. Mgrevilea ni mwepesi, unawaka haraka na kuisha haraka: mzuri wa kuwashia na wa chai, maharage yatakuchosha. Changanya. Na vaa mikono mirefu, maana mgrevilea huwawasha baadhi ya watu ngozi.

Kujua zimekauka, gonga vipande viwili: kikavu kinalia ko! kibichi kinajibu pu. Tazama na ncha, ziwe na nyufa kama za unyayo uliopasuka.

Kamba pia ina utaratibu. Tandika kamba mbili chini, ziachane kama sentimita 20, panga vijiti kwa kupokezana, shina huku, ncha kule. Mashina yote yakielekea upande mmoja, mtumba unakuwa na kichwa na unachomoka kamba njiani. Bana kwa goti ndipo uvute kupitia kitanzi. Katani ikilowa hukaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo mtumba uliofungwa na umande ukaze tena jua likitoka. Wa kubeba kichwani usizidi kilo 20, na ngata iwe ya nguo, siyo majani mabichi, yanateleza.

MkaziWaRau
Asanteni sana. Mama, wiki mbili nitaomba. Kuna kijana ananishauri nipande zaidi nikaongezee msituni, eti matawi makavu ni ruhusa.

Nusu_Maili
Taratibu hapo. Msitu wa hifadhi uliozunguka mlima uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, siyo tena mahali pa kuingia na toroli kwa maneno ya kijana. Anzia kwa mwenyekiti wa kijiji, na usikubali jibu la "wote wanachukua". Panga na msumeno ndani ya msitu vinatosha kukupa kesi, hata kama mzigo wote ni makavu. Matawi uliyo nayo shambani, kwa ruhusa ya mwenyewe, hayana maswali. Hata hivyo akuonyeshe mipaka: masale yaliyopandwa pembeni usiyaguse hata kama yanaonekana makavu. Ndiyo mpaka wenyewe, na kwa Wachagga ni mmea wa heshima.

MamaMbokomu
Kweli kabisa. Na kama kwenye uzio kuna mnyaa, usiuchanganye na matawi. Utomvu wake ukiingia machoni ni hatari, unaweza kupoteza uwezo wa kuona. Vipande vya nguzo za umeme au mbao zenye ukijani wa dawa navyo viache, hata ukipewa bure. Dawa haiishi kwa kuungua, inabaki kwenye moshi na majivu, na majivu hayo ndiyo unayomwaga kwenye mchicha.

FundiChuma
Jambo moja kabla hujaazima: nyanyua upande mmoja wa mkokoteni, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imekwisha. Mrudishie jirani, tafuta mwingine.