Nifanye masta ya isimujamii ama nichukue cheti cha kufundisha Kiingereza?

kijana_wa_Kayole: Wasee, naombeni ushauri na msinicheke. Niko na BA ya isimu na kile kilinishika kabisa ni isimujamii, vile mtu anapiga Sheng kwa steji halafu akifika kwa intavyu tao anabadilika hadi sauti. Saa hii nafundisha watu wazima Kiingereza huku Eastleigh, wengi Wasomali na Waoromo, wanalipa kwa mwezi na wengine wanapotea kabla mwezi uishe. Mathe anataka niingie TSC, ile tume ya walimu ya serikali, mimi nataka masta, na kuna beshte anasema nichukue CELTA, kile cheti cha kufundisha Kiingereza, niende Korea. Nianzie wapi?

Mwalimu_Rongai: TSC na BA tupu hawakuandikishi. Lazima uongeze PGDE, ile diploma ya ualimu ya baada ya digrii, uwe na masomo mawili ya kufundisha, na kwa KCSE uwe na C+ kwa hayo yote mawili. Isimu si somo la sekondari bana, angalia transkripti kama una Kiingereza na fasihi ya kutosha kabla ulipe karo ya mtu.

kazi_nje_tu: Korea sahau. EPIK, ule mpango wa kupeleka walimu shule zao za serikali, unataka raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand ama Afrika Kusini. Pasipoti yetu haimo, hata kama Kiingereza chako ni cha kusoma habari kwa TV. CELTA yenyewe iko poa, masaa 120 hivi na kati yake 6 unafundisha watu wa ukweli ukiangaliwa, lakini usiilipie juu ya Korea.

Nyanya_wa_Fonetiki: Mimi nashangaa hakuna amegusa hilo darasa. Kijana wangu, uko na data inakuja kwa miguu yake na inakulipa! Labov, yule mwanaisimujamii Mmarekani, alizunguka maduka matatu makubwa ya New York akiuliza wauzaji kitu fulani kiko wapi, akijua jibu ni "fourth floor", ndio asikie nani anatamka r na nani anaimeza. Hiyo ikaingia kwa kazi yake ya 1966 na bado tunaifundisha. Wewe sikiza tu mwanafunzi wako anatumia lugha gani na konda, gani na landlordi, gani na afisa wa serikali. Ukienda kuomba masta ukiwa na swali kama hilo, msimamizi atakusikiza. Na uangalie Fulbright FLTA, mpango wa serikali ya Marekani, Wakenya huenda vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili miezi 9.

kijana_wa_Kayole: Asante shosh. Lakini wengine ni wakimbizi, ukitoa simu kurekodi wanahama darasa.

Nyanya_wa_Fonetiki: Basi usirekodi. Saa hii fundisha tu. Utafiti ungoje usajiliwe chuo, upitie kamati ya maadili, upate kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, halafu uwaeleze wazi kwa lugha yao na atakayekataa abaki darasani bila maneno. Majina usiandike popote.

Mwalimu_Rongai: Na karo ya mwezi uitishe mwanzo wa mwezi, aki.